Malalamiko Nayo Yana Mizani

 

Ndugu wasomaji, yeyote aliyepata kuingia katika duka la mnunuzi wa dhahabu, iwe Katoro, Geita mjini au Kahama, anakijua kimya kinachoshuka pale mizani inapowashwa. Feni huzimwa ili upepo usiisukume sahani. Mchimbaji aliyekuwa akisimulia mambo ya duarani hukatisha maneno yake, na macho yake hayabanduki kwenye tarakimu mpaka zitulie. Na ole wake mnunuzi atakayebainika kuichezea mizani hiyo! Sote tunakubaliana, wala hatuhitaji sheikh wa kutufundisha, kwamba aliyepunguza kipimo cha mwenzake amedhulumu. Swali letu la Ijumaa ya leo ni jingine: je, yule anayezidisha kipimo cha malalamiko yake, naye amefanya nini?

Tumelazimika kuuliza swali hili kwa sababu ya jambo lililotokea miongoni mwetu, katika mji wa Kahama, na ambalo sisi wenyewe tuliitwa kulisuluhisha.

Kisa cha qaswida kumi na moja

Vijana wa madrasa moja walikusudia kurekodi qaswida kumi na moja kwa ajili ya Mfungo Sita. Wazazi wakachanga, ikanunuliwa kompyuta iliyokwisha kutumika na maikrofoni moja nzuri. Fundi kompyuta wa hapo mjini, kijana wa umri wao, akawawekea programu ya kurekodia na kupangia sauti, akapokea shilingi elfu kumi za kazi yake. Kwa majuma matatu vijana wale walirekodi usiku, maana mchana makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu hayaachi nafasi hata ya kusikia adhana vizuri. Akina mama waliwapelekea chai na mihogo. Watoto wadogo walisinzia mikekani wakisubiri zamu yao ya kuitikia.

Kazi ilipokwisha, wakaihifadhi, wakazima kompyuta, wakaenda kulala. Kesho yake walipotaka kuifungua, haikufunguka. Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyasoma mpaka mwisho.

Tazameni sasa, ndugu wasomaji, jinsi neno linavyokua. Alhamisi adhuhuri ilisemwa kwamba kampuni yenye programu hiyo imezifunga qaswida za watoto. Ijumaa, kabla ya khutba, ikawa imezifuta. Jumamosi jioni tukaambiwa kwamba imezichukua, inaziuza Ulaya, na kwamba imefanya hivyo kwa kuwa ni qaswida. Zingekuwa nyimbo za dansi zisingeguswa. Mzee mmoja anayeheshimika alikisia hasara kuwa shilingi milioni hamsini, ilhali michango yote ya wazazi haikufika milioni moja na nusu. Hakuna aliyemwuliza Mzee hesabu hiyo ameipata wapi. Hasira ilikwisha kuwa tamu, na anayeuliza hesabu wakati wa hasira huonekana msaliti.

Kampuni yenyewe iko ng'ambo, mbali na fimbo ya mtu. Hasira ikatafuta aliye karibu. Jumapili asubuhi vijana kadhaa walikwenda kwenye kibanda cha fundi yule, wakamwita wakala wa maadui wa dini, wakampindulia meza. Lau si watu wazima waliokuwa jirani kuingilia, tungekuwa tunaandika makala ya msiba.

Tuliyoyakuta tulipouliza

Tulipoitwa, jambo la kwanza tulilofanya ni lile ambalo lingetakiwa kufanywa Alhamisi: tuliyasoma maneno yale ya kwenye kioo. Yalisema kwamba hili ni toleo la majaribio, kwamba mtumiaji anaweza kurekodi na kuhifadhi, lakini hawezi kuifungua tena kazi aliyoihifadhi mpaka anunue leseni. Hakuna kilichofutwa. Hakuna kilichochukuliwa. Qaswida zote kumi na moja zilikuwa mle mle ndani ya kompyuta, kama nafaka iliyo ghalani na mlango umefungwa, na ufunguo unauzwa kwa bei iliyoandikwa wazi.

Tukamwita fundi. Alikuja na mjomba wake, kwa kuwa aliogopa kuja peke yake. Akatuambia: "Masheikh zangu, mimi sikuwaibia. Niliwawekea nilichokuwa nacho kwenye flashi. Mimi mwenyewe sikujua kwamba haifungui." Tulipombana kidogo alikiri kwamba hakuwaeleza wateja wake kuwa programu ile haikuwa na leseni, na kwamba hawaelezi wengine pia. Hilo ni kosa, na tulimwambia mbele ya mjomba wake kwamba ni kosa. Lakini kosa hilo lilikuwa na kipimo chake: shilingi elfu kumi, na ukimya usiofaa. Halikuwa uadui na dini, wala halikustahili meza kupinduliwa.

Yamkini msomaji atauliza: basi vijana wale hawakuwa na lalamiko lolote la haki? Walikuwa nalo. Onyo linalomhusu mtumiaji wa Kahama limeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Bei imewekwa kwa dola, na malipo yanataka kadi ya benki ya aina ambayo wengi wetu hatuna, wakati fedha zetu zimo kwenye simu. Na onyo kwamba kazi haitafunguka lingefaa kutolewa kwa sauti kubwa mwanzoni, kabla ya mtu kumaliza majuma matatu ya usiku. Haya ni malalamiko matatu ya kweli. Lakini katika siku nne za kelele, hakuna hata mtu mmoja aliyeyataja. Yalifunikwa na lile kubwa la uongo, kama vile jiwe dogo lenye dhahabu linavyofukiwa na lundo la kifusi.

Ndugu yetu mmoja aliyeko Muskati alilipa leseni kwa kadi yake, wazazi wakamrudishia taratibu. Programu ikafunguka, na qaswida zote kumi na moja zikasikika. Tukaiandikia kampuni barua fupi yenye yale malalamiko matatu, bila tusi wala kiapo, na baada ya siku chache tukajibiwa kwa adabu. Hatukuahidiwa mengi. Lakini tulijibiwa, na tulijibiwa juu ya yale tuliyoyasema.

Ama fundi, wateja walikwisha kumkimbia. Baada ya miezi miwili alifunga kibanda, akahamia Katoro. Tulitangaza msikitini kwamba hakuwa na hatia ya yale aliyosingiziwa. Waliolisikia tangazo hilo ni wachache kuliko waliousikia uvumi, kama ilivyo ada. Qaswida zilirudi, jina la kijana halikurudi.

Dini yetu inasemaje

Hatutaki kueleweka vibaya. Wala hatuingii leo katika hukumu ya ala za muziki, ambayo wanazuoni wamekhitalifiana na kila mmoja ana dalili zake. Tunachozungumzia ni ulimi wa mwenye kudai.

Uislamu haukumziba mdomo aliyeonewa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, tumefunzwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendezwi na maovu kutangazwa hadharani, kisha katika katazo hilo akatolewa mtu mmoja tu, naye ni aliyedhulumiwa. Na imepokewa katika Hadithi kwamba mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) deni lake kwa ukali, masahaba wakataka kumwadhibu, naye Mtume akawazuia, akabainisha kwamba mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Tafakarini: mdai alikuwa mkali, na mdaiwa alikuwa Mtume, na bado sauti ya mdai ililindwa.

Lakini ruhusa hiyo imefungamana na dhulma iliyotokea, kwa kadiri ilivyotokea. Mtu yule alidai deni lake; hakudai ngamia asiyekopesha. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuihakiki habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki kujuta. Si ndiyo majuto hasa yaliyotukuta Kahama? Suratul Maidah, aya ya 8, imekwenda mbali zaidi: hata chuki yetu kwa watu fulani isitutoe katika uadilifu. Maana yake ni kwamba kampuni ya wasiokuwa Waislamu, iliyo mbali, tajiri na isiyotujua, nayo ina haki juu ya ulimi wetu. Na fuqahaa wote wanaijua kanuni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai. Haikusemwa kwamba ushahidi ni juu ya anayedai ila akiwa maskini, au ila akiwa amekasirika sana.

Tumezoea kuisoma Suratul Mutaffifin kwa wauza nafaka na wanunuzi wa dhahabu. Sura hiyo inawakemea wenye vipimo viwili, kimoja cha kupokelea na kingine cha kutolea. Hebu tujipime sisi wenyewe kwayo. Vijana wetu wa qaswida hulalamika, na wana haki ya kulalamika, kwamba kazi zao hunakiliwa kwenye flashi na kuuzwa stendi bila wao kupata hata senti. Wanaita wizi. Lakini programu waliyorekodia kazi hizo ilinakiliwa kwenye flashi na kuwekwa bila leseni, na hiyo wanaita ujanja wa mjini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda wimbo, na inalinda programu ya kompyuta pia. Na mwaka 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni haki zinazotambulika kisharia, haijuzu kuzivamia. Basi anayelalamika dhidi ya kampuni huku mkononi ana mali ya kampuni hiyo asiyoilipia, aanze kwanza kwa kuinamisha macho.

Ulimwengu mkubwa nao haujanusurika

Tusidhani kwamba kutia chumvi ni maradhi ya wasiosoma. Yupo Mmarekani aitwaye Andy Hildebrand, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika utafutaji wa mafuta. Kazi hiyo watu wa ukanda wetu wa madini wataielewa haraka: mawimbi ya sauti hupelekwa ardhini, mwangwi wake hurudi, na kwa hesabu nzito mtaalamu hutambua kilichofichika chini ya miamba. Bwana huyu akaona kwamba hesabu za namna hiyo zinaweza pia kuitambua sauti ya mwimbaji iliyopotoka kidogo na kuirudisha mahali pake. Mwaka 1997 kampuni yake, Antares, ikatoa programu iitwayo Auto-Tune. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher alitoa wimbo ambao ndani yake programu hiyo ilitumiwa kupita kiasi makusudi, sauti ikawa kama ya mashine, na mtindo huo ukaenea dunia nzima mpaka kwenye studio zetu za Bongo Fleva.

Palikuwapo jambo la kweli la kulalamikia. Msikilizaji anaweza kuuziwa sauti ambayo mwimbaji hana, na huo ni aina ya ghushi. Lakini je, malalamiko yalibaki hapo? La hasha. Ilisemwa kwamba kampuni hiyo imeua muziki. Na mwaka 2010 jarida la Time la Marekani liliiweka Auto-Tune katika orodha ya uvumbuzi 50 mbaya kuliko wote, orodha ambayo ndani yake imo asbesto, ile iliyoezekwa mapaa ya majengo mengi na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Programu ya kunyoosha sauti ikakalishwa jamvi moja na kitu kinachoua watu! Walioandika hayo ni wasomi wa jiji la New York. Na muziki haukufa. Anayeimba vibaya bado anaimba vibaya, na lile swali la kweli, kwamba msikilizaji aambiwe au asiambiwe, likaachwa njiani bila jibu.

Somo la nyumbani kwetu

Lakini kwa nini twende New York? Ukanda wetu huu umepata somo kubwa zaidi, na lilihusu mali nzito zaidi.

Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yakazuiliwa Dar es Salaam. Kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemia Osoro, zikatoa taarifa zake Mei na Juni. Julai kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiiendesha migodi hiyo, ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu yanayofikia dola bilioni 190. Kampuni ikayakana. Kiasi hicho ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa letu zima la mwaka ule. Vijiweni watu wakapiga hesabu kwamba kila Mtanzania, mpaka mtoto aliye mgongoni, angetosha kununuliwa gari aina ya Noah.

Oktoba mwaka huo huo, baada ya mazungumzo na kampuni ya Barrick iliyokuwa na hisa nyingi za Acacia, kiasi kilichotajwa kulipwa kilikuwa dola milioni 300. Makubaliano yenyewe yalitiwa saini Januari 2020, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Pigeni hesabu wenyewe: milioni 300 katika bilioni 190 ni kama shilingi moja na nusu hivi katika kila shilingi elfu moja. Noah haikufika. Wakati huo huo Bulyanhulu ilipunguza shughuli zake, na mamia ya wafanyakazi, wengi wao wakiwa na familia Kahama na Shinyanga, wakapoteza ajira.

Tuwe waadilifu hapa pia, maana hatuwezi kuhubiri kipimo kisha tukapunja. Lalamiko la msingi lilikuwa la kweli. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 tu, na kijiji kilicholala juu ya dhahabu kilibaki kuchota maji bwawani. Msukumo wa mwaka 2017 haukupita bure: mrabaha, ambao sheria ya mwaka 2010 ilikwisha kuufikisha asilimia 4, ulipandishwa hadi asilimia 6, na hisa 16 zilipatikana. Wapo watakaosema kwamba bila ile bilioni 190 ya kutisha, hata milioni 300 zisingekuja. Hoja hiyo tunaipa uzito wake. Lakini angalieni vitu vilivyodumu: asilimia 6 imo ndani ya sheria, na asilimia 16 imo ndani ya mkataba. Vyote viwili ni tarakimu zilizoandikwa, ambazo mtu angeweza kuzitetea. Mahali hapo, ile tarakimu ya kutisha haikupewa kiti.

Wazee wetu wanakumbuka la zamani zaidi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Yakatolewa madai mazito kwamba makumi ya wachimbaji walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilichunguza, ikasema haikupata ushahidi wa kuyathibitisha. Waliolalamika hawakuridhika na uchunguzi huo, wakaendelea kudai uchunguzi huru. Sisi si mahakama, na roho ya mtu si jambo la kulitolea hukumu gazetini. Tunachokiona ni hiki: mabishano juu ya lisilothibitika yaliendelea miaka mingi, na katika miaka hiyo lile ambalo hakuna aliyelikana, kwamba watu kwa maelfu walipoteza maduara yao na riziki zao, lilisikika kidogo mno.

"Kelele ndiyo silaha ya mnyonge"

Tuliposema haya barazani, ndugu mmoja alitujibu: "Masheikh, kampuni ni tembo. Nikisema amenikanyaga kidole hanisikii. Nikisema ameniua, atageuka. Kelele ndiyo silaha ya mnyonge." Ni hoja yenye nguvu, na aliyeitoa ni mtu aliyewahi kukanyagwa kweli.

Jawabu letu lina sehemu tatu. Kwanza, anayezidisha humpa mwenye nguvu mlango wa kutokea. Mkubwa akishtakiwa makosa mawili, moja la kweli na moja la kubuni, wakili wake atalijibu la kubuni kwa mikono miwili, atalivunja mbele ya watu, kisha ataondoka na lile la kweli mfukoni. Pili, kelele huwa haimfikii tembo. Humwangukia sungura aliye karibu. Kampuni ya ng'ambo haikusikia hata neno moja la yale yaliyosemwa Kahama. Aliyeyasikia ni fundi wa kibandani. Tatu, na hili ndilo linalotunyima usingizi, watoto wapo wanasikiliza.

Sisi wa Shinyanga na Geita ndio tusiotakiwa kukumbushwa uzito wa neno lisilo na ushahidi. Katika ardhi hii vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka sitini ya kuwapikia wajukuu. Katika ardhi hii ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa uvumi wa utajiri wa migodini, mpaka Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama ikawahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14. Je, yote hayo hayakuanza kwa mtu kusema zaidi ya anachokijua, na mwingine kuongeza, na wa tatu kuamini? Hatusemi kwamba kusingizia kampuni ya programu ni sawa na kumwua kikongwe. Tungesema hivyo tungekuwa tumefanya kosa lile lile tunalolikataza. Tunasema kwamba ulimi ni mmoja, na mazoea yake hujengwa kwenye mambo madogo.

Kwa wazazi

Basi tuwafundishe watoto wetu kulalamika kama tunavyowafundisha kupima. Mtoto akija analia kwamba ameonewa, na mkubwa akija akisema kampuni fulani imetuangamiza, tuulize kwanza: limetokea nini hasa, na umeliona mwenyewe au umesimuliwa? Tuulize kilichoandikwa, iwe kwenye mkataba, risiti au kioo cha kompyuta, na kama hatuijui lugha tumtafute anayeijua kabla jua halijazama. Tuulize hasara ni kiasi gani, na tukitaje kiasi hicho bila kukipandisha. Kisha tuulize nani wa kuambiwa kwanza. Maana wa kwanza kuambiwa ni yule aliyefanya, ili apate nafasi ya kurekebisha. Akikataa, zipo ofisi: mambo ya kazi za sanaa yana Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ya simu na mitandao yana TCRA, ya mlaji aliyedanganywa sokoni yana Tume ya Ushindani, na juu ya zote zipo mahakama. Zikishindikana zote, hapo aliyedhulumiwa na apaze sauti hadharani kama alivyoruhusiwa, na sisi tutapaza pamoja naye. Lakini apaze sauti ya kile kilichotokea.

Na tukibainika kwamba tumekosea, tusahihishe kwa sauti ile ile tuliyolaumia. Katika kisa cha Kahama tulichelewa, na hilo tunalibeba sisi tulioitwa masheikh kabla hatujalibebesha vijana. Juzi baadhi ya vijana wale walipanda basi kwenda Katoro kumtafuta fundi yule wamwombe radhi, wakiwa na shilingi za kutengenezea meza aliyovunjiwa. Walimkuta. Wanasema alizipokea fedha, akawapa chai, wala hakuzungumza sana. Nao ndio waliotuomba tuyaandike haya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu na ziada, mizani zetu na upungufu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaodai haki zao kwa haki. Wabillahi tawfiq.